Posho ya Agosti

Jumatano, 4 Juni 2014

Cherehani tangu asubuhi. Sare za kwaya, nne zimebaki. Tumbo halitaki kukaribiana na meza, kwa hiyo ninashona nimekaa upande. Mishono imepinda. Kiongozi wa kwaya akilalamika nitamwambia aimbe huku amebeba gunia.

Tarehe ya kujifungua kwenye kadi ya kliniki ilikuwa 27 Mei. Zimepita siku nane. Kila apitaye hapa sokoni Base Camp, kambi ya wakimbizi Nakivale, anatazama tumbo kabla ya uso. "Bado tu?" Ndiyo, bado. Hawaoni?

Kila mtoto akipiga teke ninachora mstari kwa chaki pembeni mwa meza. Mpaka adhuhuri, mistari kumi na miwili. Bisimwa, mume wangu, alidhani ni vipimo vya mteja. Nimemwacha adhani hivyo.

Alhamisi, 5 Juni

Sijashona. Nimemfikiria wa kwanza.

Yeye pia alipitisha siku, mwaka 2011. Zahanati walinipa barua niende hospitali ya Mbarara nikaanzishiwe uchungu. Sikwenda. Mama mkwe alisema mtoto aachwe aje mwenyewe, nami nikakubali haraka, maana niliyaogopa yale maji wanayotundika kwenye mti wa chuma. Wanawake walisema yanapasua kizazi. Siku ya tatu mtoto akaacha kucheza. Nilizaa mvulana mzuri, mzima kila kiungo, hana pumzi.

Simlaumu mama mkwe. Uongo. Namlaumu. Na namlaumu pia yule mwoga niliyekuwa mimi.

Ijumaa, 6 Juni

Zahanati. Sista ni mwenyeji wa hapa Isingiro, mama wa watu, hana maneno mengi. Amesoma kadi, amehesabu kwa vidole, amehesabu tena. "Mama, hii siku imepita sana. Enda Mbarara, wakuanzishe." Barua ninayo. Gari la wagonjwa ni Jumatatu.

Nyumbani vita. Mama mkwe amewaita wenzake wa chumba cha maombi, sita, wamejaa sebuleni hadi mlangoni. Wameomba vizuri, sikatai. Walipomaliza akaniuliza mbele yao wote: "Mutoto atakuya siku yake. Munamukimbiza aende wapi?"

Nikaingia jikoni. Nilikuwa na hasira ya kuweza kupasua sufuria.

Jumamosi, 7 Juni

Jirani kaleta dawa ya miti kwenye chupa ya soda, ya kufungua njia. Rangi ya tope. Nimeshukuru kwa mikono miwili, kisha nimeimwaga nyuma ya choo. Hofu yangu haijafika huko.

Sare za kwaya nimemaliza.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani niliitwa mbele. Mchungaji akaniwekea mkono kichwani, mama mkwe akaniwekea wake tumboni, na mtoto akaupiga teke. Watu wakasema amina. Mimi nilitaka kucheka na kulia pamoja.

Tangu tuliporudi mtoto amecheza mara tano tu. Nimelala upande wa kushoto, nimekunywa chai yenye sukari nyingi. Ya sita. Nikangoja sana. Ya saba.

Bisimwa alikuja kukaa ukingoni mwa kitanda. Amekuwa kimya wiki nzima, katikati ya mama yake na mkewe, nami nilianza kumchukia kwa kimya hicho. Akasema: "Wewe njo unabeba. Sema, nitafuata." Mbebaji ni mimi, basi nimesema Mbarara. Akaenda kumwambia mama yake mwenyewe. Sijui walisemezana nini, lakini sauti ya juu haikuwa ya Bisimwa.

Jumatatu, 9 Juni

Mbarara. Wodi ya wajawazito, kitanda karibu na dirisha. Bisimwa amerudi na gari lile lile, kuna maharage ya kuvuna.

Dokta ni kijana, kiatu chake kimoja kinalia. Amesikiliza moyo wa mtoto. Unapiga vizuri. Nimeusikia na mimi, haraka haraka, na nimeshika shuka kwa meno nisipige kelele ya furaha. Kisha akanipiga picha ya tumbo kwa mashine. Anasema picha ya mwisho wa mimba haijui siku, inakisia tu, tutafuata kadi. Kwa kadi, kesho ninatimiza wiki arobaini na mbili.

Akaeleza kwamba mlango wa kizazi bado umefunga kabisa. Dawa inaweza kuchukua siku mbili. Inaweza kukataa, na hapo ni kisu. Alikuwa bado anaeleza nilipochukua kalamu na kutia sahihi. Akanitazama. Sikutaka kusikia yaliyobaki. Nilitaka mtoto atoke akiwa hai, basi.

Kesho saa tatu asubuhi. Nimepumua kwa mara ya kwanza tangu Mei.

Jumanne, 10 Juni

Niandike taratibu.

Kitanda cha pili yuko mama mwingine kutoka Nakivale, upande wa Juru. Mama Chantal, wa Fizi kule Kongo, anacheka na kila mtu. Asubuhi tulikuwa tunangoja uji. Kaniuliza mimba yangu ni ya lini, nikamjibu nilivyomjibu sista siku ya kwanza ya kliniki: siku zangu za mwisho ziliingia siku ya posho ya Agosti. Kwetu nani anahesabu kwa kalenda? Watu wanaoa baada ya posho, wanasafiri baada ya posho, wanaanza kujenga baada ya posho. Siku ya mgao wa chakula ndiyo tarehe yetu. Na siku ile naijua vizuri kwa sababu ilinikuta kwenye foleni, nimevaa kitenge cha njano, nikalazimika kukaa juu ya gunia la mahindi mpaka mama mkwe aje anifunike na shali yake.

Mama Chantal akafikiri. Akasema: "Ile posho ya Agosti? Si tuliipata mu Septemba! Malori hayakuyake."

Nikaweka kikombe cha uji chini.

Ni kweli. Malori yalichelewa, hatukuambiwa kwa nini, na yalipofika kila mtu aliendelea kuiita posho ya Agosti, maana ndiyo ilikuwa ya Agosti. Sista yeye alifungua ratiba ya posho, akaona Agosti, zamu ya kanda yetu, tarehe 20. Akaandika 20. Angejuaje? Kosa ni langu mimi, na mimi nimesoma mpaka sekondari.

Nilikwenda barazani kumpigia Bisimwa. Nikamwambia kadi ya posho iko kwenye kopo la biskuti, aitazame. Akatazama. Mwezi wa nane umetobolewa tundu la kuonyesha tumepokea, na kando yake mwandiko wa karani: 9 Septemba.

Siku ishirini. Mtoto hajachelewa. Ndiyo kwanza anakaribia.

Sasa lile ambalo sitamwambia mtu. Nilirudi kitandani nikakaa. Saa tatu kasorobo. Muuguzi alikuwa anapanga vikombe kwenye sinia. Nilitaka kunyamaza. Nilijua mlango umefunga, nilijua kuna kisu mwisho wa njia ile, na bado nilitaka kunyamaza, nipewe dawa, yaishe leo. Kusema maana yake ni kungoja tena, na kungoja ndiko kulikomuua wa kwanza. Mama Chantal alikuwa ananitazama.

Nikamwambia muuguzi amwite dokta.

Dokta alisikiliza yote, posho, malori, mpaka gunia la mahindi. Akanifanya nimpigie Bisimwa tena asikie kwa masikio yake. Kisha akaketi kwenye kitanda cha Mama Chantal na kucheka mpaka akavua miwani. "Basi mtoto hajachelewa, mama. Gari ya chakula ndiyo ilichelewa."

Wodi nzima ikacheka. Mimi nililia. Mzigo wa wiki mbili ulishuka mabegani nikauona ukishuka.

Dokta hanirudishi nyumbani, kwa sababu ya yule wa kwanza. Moyo wa mtoto utasikilizwa asubuhi na jioni. Tarehe ya kweli ni 16, Jumatatu ijayo. Ikifika kimya, nitachagua: kuanzishwa siku hiyo, au kungoja siku chache zaidi. Nitachagua mimi.

Jumatano, 11 Juni

Nimelala. Nimelala kweli, mdomo wazi, anasema Mama Chantal.

Alhamisi, 12 Juni

Mama Chantal amejifungua, mapacha. Anasema mmoja alikuwa amejificha nyuma ya mwenzake kwa aibu. Nina wivu. Mzuri, lakini wivu.

Moyo wa mtoto vizuri asubuhi. Vizuri jioni. Kila mara muuguzi anapotafuta fasi ya kusikilizia ninaacha kupumua. Hilo halijaniacha.

Ijumaa, 13 Juni

Mama mkwe amefika. Kitunga cha ndizi, mihogo, biblia, shali. Hata hajaketi: "Nilisemaka! Mutoto hakuchelewa!"

Nikamjibu. Sikupanga kumjibu. Nilimwambia safari hii umepatia, Mama, na mara ya kwanza je? Ulijua pia? Sijawahi kumwinulia sauti katika miaka sita. Wagonjwa wakageukia ukutani kwa adabu.

Alikaa chini, siyo kwenye kiti, chini sakafuni. Akakaa muda mrefu anakunja shali na kuikunjua. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo: "Ile mara nilikosa. Dada yangu alipasuliwaka, akafa. Niliogopa ufe na wewe. Nikakuchunga wewe, nikapoteza mutoto."

Miaka mitatu tumepika jiko moja na hakuna aliyelisema. Nilimvuta mkono apande kitandani. Tumelia kama wajinga wawili. Baadaye akamenya ndizi, akanilazimisha kula tatu.

Bado ninamlaumu kidogo. Lakini ni kidogo kinachobebeka.

Jumamosi, 14 Juni

Dokta amenipima. Mlango umelainika, umefunguka upana wa kidole. Nimemwomba aeleze upya yote, tangu mwanzo, na safari hii nimesikiliza mpaka mwisho. Kidonge kinayeyushwa kwenye maji, kikombe kidogo kila baada ya saa mbili. Mti wa chuma huja tu kama kikombe kikishindwa. Hatari zipo, akazitaja moja moja. Kungoja pia kuna hatari, kwangu hasa, akazitaja. Hakunisukuma upande wowote. Mama mkwe aliuliza maswali manne, yote ya maana.

Jumapili, 15 Juni

Nimezunguka uwanja wa hospitali mara saba. Jasho. Miguu imevimba. Hakuna uchungu.

Nikingoja: huenda akaja mwenyewe kesho kutwa, kwa utaratibu, na mimi sijanywa dawa yoyote. Au nitahesabu mateke usiku na mchana mpaka niwe kichaa. Nikianza kesho: ametimia, mlango uko tayari, moyo ni mzuri leo. Leo naujua. Wa Alhamisi ijayo siujui.

Jumatatu iliyopita nilitia sahihi nikiwa nakimbia. Sasa sikimbii. Jibu ni lile lile, lakini mtu anayejibu ni mwingine.

Nilimuuliza mama mkwe anaonaje. Akasema atasali nikisema ndiyo na atasali nikisema hapana. Nimempigia Bisimwa. Kesho.

Jumatatu, 16 Juni

Kikombe cha kwanza saa mbili asubuhi. Ladha ni kama hakuna. Hiki ndicho nilichokiogopa miaka mitatu?

Kikombe cha pili. Mgongo.

Cha tatu. Inakuja na kuondoka. Mama mkwe anasugua mgongo kwa ngumi, anaimba wimbo mmoja tu, nimemwomba abadilishe.

Imekaza. Naweka kalamu

Jumanne, 17 Juni

Amezaliwa jana, saa kumi na moja jioni. Msichana. Alilia kabla hajamaliza kutoka. Alilia kwa hasira, mkali, kama ametukanwa, na sijasikia kitu kitamu namna ile. Nilisema lia mama, lia, lia. Muuguzi alidhani nimechanganyikiwa.

Kisu hakikuhitajika, wala mti wa chuma.

Mama mkwe alimpokea. Amemwangalia vidole, masikio, kisogo. Akasema ana kichwa cha ukoo wao. Ametoka nje barazani na nimemsikia akipiga ukelele wa furaha mpaka askari wa getini akaja kuuliza kuna nini.

Nimechanika, naumwa, nina furaha. Nimewaza pia yule mwingine. Angekuwa kaka.

Ijumaa, 20 Juni

Nyumbani. Bisimwa amepaka sakafu udongo mpya, harufu yake nzuri. Hajui kumshika mtoto, anamshika kama yai, lakini hataki kumwachia mtu. Watu walikuja mpaka saa nane mchana, kisha mama mkwe akafunga mlango, akasema mzazi analala. Silali.

Mtoto yuko kando yangu. Mvua ndogo imepita, sasa jua. Mara tatu nimeweka kidole puani pake. Anapumua. Nilipotaka mara ya nne nimejizuia, nikainuka taratibu, nikatoka kuanika nguo zake.