Mayungiyungi Chini ya Kijiji

Dada Tatu,

Juzi tumesoma arobaini yako. Watu wamekula, wamekuombea, kisha wakaanza kusema ulikuwa mwanamke mpole. Nikatoka nje. Wewe hukuwa mpole. Ulikuwa mtu wa kuuliza swali moja mara tatu mpaka anayeulizwa atokwe na jasho. Lakini sasa umekufa, na wanakutaka mpole. Nimekasirika, Dada. Nimekasirika tangu tulipokuzika, na sina pa kuipeleka hasira hii ila hapa.

Nilikuwa darasa la tatu ulipoacha kazi kwa yule Mzungu mtafiti wa mimea, aliyepiga hema Ruhembe kabla ya Uhuru. Ulirudi nyumbani umejua kukausha maua katikati ya magazeti na kuyabana kwa mawe. Mama alisema hiyo si kazi ya mtu mzima. Siku moja ukanishika mkono tukaingia bwawani, maji yakanifika kifuani, ukanionyesha yungiyungi la buluu lililofunguka asubuhi ile kwa mara ya kwanza. Katikati yake palikuwa na maji kidogo, hayajai hata kijiko. Nyuki mdogo akateleza, akazama humo.

"Amekuja na unga wa ua jingine," ukasema. "Unga umebaki, mwenyewe kafa."

Kesho yake tulirudi. Yale maji yamekauka, na sasa ua lenyewe ndilo linatoa unga. Baadaye likajifunga moja kwa moja, shina likalivuta chini, mbegu zikaenda kuivia majini. Nikakuuliza, bwawa likikauka je? Ukapapasa kwenye tope ukatoa kiazi cheusi, kidogo, kigumu. Ukasema ua hufa, kiazi hulala. Udongo ukauke upasuke, chenyewe kipo, kinangoja maji.

Ndiyo maana baadaye ulijua maji yatakuja. Hukuota wala hukupiga ramli. Ulijua kwa sababu uliangalia.

Operesheni ya kuhamia vijijini ilitukuta mwisho wa kiangazi. Yule bwana aliyetumwa kutupangia kijiji alilipenda bonde la chini ya mlima kwa sababu lilikuwa kavu, tambarare na wazi, mistari ya nyumba ingenyooka. Ukachimba kwenye vigingi vyake, kimoja baada ya kimoja. Ukaja mkutanoni na kikapu, ukamwaga viazi vya yungiyungi mezani, juu ya ramani yake.

"Hivi vimetoka pale mnapotaka kujenga shule," ulimwambia. "Haya si maua ya nchi kavu. Hapo maji hukaa. Jengeni kule mlimani."

Akajibu, "Mama, sisi tunajenga taifa, wewe unatuletea maua."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimekaa kando ya yule bwana na kalamu mkononi, katibu wa kijiji, naogopa kuitwa ndugu wa mpinga Ujamaa. Hukuwahi kuusoma muhtasari wa mkutano ule. Nakuambia leo nilichoandika: "Mwanamke mmoja alipinga bila sababu ya msingi." Sikuandika jina lako. Nilijidanganya kwamba nakulinda.

Kijiji kikajengwa pale pale. Masika ya kwanza mvua ilikuwa haba, wakakucheka tena. Masika ya pili maji hayakuja kwa kishindo kutoka mtoni, kama watu wanavyodhani mafuriko huja. Yalipanda kutoka chini, yakajaza vyoo, yakaingia majumbani. Wewe ndiye uliyewapitisha watu mpaka kwenye tuta la barabara ya miwa, ukiwaambia wakanyage wapi. Hakuna hata mmoja aliyezama.

Kisha kuhara kukaanza. Hapo nakukasirikia na wewe pia. Kuni zilikuwa chache, ukawa unawachemshia wengine maji huku wewe unakunywa ya mtaroni. Nani alikutuma? Ulikuwa na mtoto.

Yule bwana alikuja na mablanketi, akasimama karibu na mkeka ulipokuwa umelala mgonjwa, akatuhutubia kwamba hakuna ambaye angeweza kujua. Ukainua kichwa.

"Mimi nilijua," ukasema. "Nilikuja mezani kwako."

"Pumzika, Mama," akakujibu, akaendelea na hotuba. Siku nne baadaye ulikufa juu ya lori la miwa, hatujafika hata Kidodi, tukikuwahisha hospitali.

Sasa sikiliza mengine. Tumehamishiwa mlimani, mahali ulipopataja tangu mwanzo. Kule bondeni mayungiyungi yametoka kila mahali, katikati ya nguzo za nyumba, juu ya uwanja wa mpira, ndani ya darasa lisilo na paa. Watu huenda Ijumaa kuyatazama, wanasema yanapendeza. Natamani kuwarushia mawe.

Wiki iliyopita niliitwa kutia saini taarifa. Ilisema mafuriko hayakutarajiwa na hakuna aliyetoa tahadhari. Nikatoa ule muhtasari, nikawasomea mstari wangu mwenyewe, nikawaambia ni uongo na mwongo ni mimi. Mwenyekiti akaniambia najiharibia. Ukatibu nimevuliwa pale pale, na aliyepewa nafasi yangu akatia saini nikiwa namwangalia. Taarifa imekwenda vile vile, Dada. Sikuzuia kitu.

Asha wako yuko kwangu. Anakula vizuri, shuleni anakwenda. Jana alinikuta uani akaniuliza kama ni kweli nilikuwepo siku watu walipokucheka. Ningeweza kumpa jibu la kitoto. Nikamweleza yote, na nilichoandika, na kwa nini. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Mama alijua uliandika hivyo, Mjomba?" Nikamwambia hapana.

Leo asubuhi amepita mbele yangu akamwamkia mke wangu, akamwamkia jirani, mimi hakuniamkia. Mke wangu alitaka kumrudi, nikamkataza.

Kwa hiyo nakuaga bila kukuomba msamaha, maana huwezi kunijibu, na msamaha wa kujipa mwenyewe siutaki. Ninachokuahidi ni hiki: mwanao akiniuliza chochote kuhusu wewe, siku yoyote, nitamjibu kweli, hata kama kila jibu litamweka mbali nami zaidi. Na shikamoo yake sitaidai.

Lala, Dada.

Mdogo wako,
Omari