Mbuzi wa Krismasi, Mata

Jumanne, 16 Desemba

Nimefungua duka. Nimeuza sukari robo, kiberiti, kipande cha sabuni. Mvua tena. Tangu tuhamie Mata ni miezi mitatu, na bado nikiamka sijui mlango uko upande gani.

Hii ni mara ya tatu kuhama. Mombasa hadi Voi nilipoolewa. Voi kwenyewe, mtaa hadi mtaa. Sasa huku mpakani. Msikiti wa karibu uko Taveta mjini, na Waislamu wa hapa ni sisi wanne tu: mimi, mume wangu Swaleh, na binti zetu Rukia na Zuhura. Nimemwomba Swaleh turudi Voi. Hujibu "Inshallah", na Inshallah yake naijua.

Naogopa huku. Naogopa ndovu, wiki jana wamemaliza shamba zima la mahindi hapo ng'ambo. Naogopa watu nisiowajua ukoo wao. Naswali, ndiyo, lakini naswali kama mtu anayefunga mlango kwa komeo, ili kitu kisiingie. Zaidi ya hapo sijui naswalia nini.

Ijumaa, 19 Desemba

Leo amekuja jirani yetu, Mama Wakesho. Mtaita wa Wundanyi, naye alihamia huku, zamani. Krismasi majirani wote hula pamoja uani kwake, mbuzi mmoja. Mwaka huu wanataka Swaleh amchinje, ili na sisi tule.

Kumbe aliwahi kuwapo mwenye duka mwingine Muislamu kabla yetu. Krismasi ile wakachinja wenyewe bila kufikiri, na watoto wa yule bwana wakasimama kando wakiwatazama wenzao wakila nyama. "Niliona haya, mama, mpaka leo naona," alisema. "Sasa hiyo ni sikukuu gani?"

Swaleh amekubali hata kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Nimefurahi. Jambo la kwanza kunifurahisha tangu tuje.

Jumatatu, 22 Desemba

Simu ya alfajiri. Mama mkwe ameanguka, amelazwa Voi. Swaleh ameondoka na gari la kwanza. Nikamwuliza mlangoni, na mbuzi wa watu je? Akasema Krismasi haitafika kabla yake.

Duka na watoto ni mimi peke yangu. Nimefunga mapema.

Jumanne, 23 Desemba

Mvua usiku kucha. Korongo limefurika, maji yamepita juu ya barabara. Hakuna gari linaloingia wala kutoka.

Swaleh amepiga. Mama ana nafuu, alhamdulillah, lakini yeye hana njia ya kufika. Halafu, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, akaniambia, "Si uchinje wewe."

Nimekata simu.

Mimi! Mimi ambaye hata kuku nilikuwa nampeleka kwa jirani pale Voi, narudi ndani naziba masikio mpaka aletwe ameshanyonyolewa. Swaleh ananijua. Nimemkasirikia mpaka kichwa kinauma. Ahadi atoe yeye, kisu nishike mimi.

Jumatano, 24 Desemba

Nimemwendea Mama Wakesho kumwambia Swaleh hafiki. Nilitegemea aseme basi, tutachinja wenyewe. Nilikuwa nimeshapanga: wali na maharagwe, ndani kwetu, mlango umefungwa. Hakusema hivyo. Akaniuliza, "Kwani wewe si Muislamu?"

Nikasema sidhani kama mwanamke anaruhusiwa. Nikampigia ustadhi wa Taveta, mbele yake. Ustadhi akasema inafaa kabisa, mradi ni Muislamu, ataje jina la Mwenyezi Mungu, na kisu kiwe kikali. Mama Wakesho alikuwa akisikia kila neno. Akapiga makofi kwa furaha.

Niandike ukweli. Nilitaka aseme haifai. Nilitaka Mungu mwenyewe anikataze nipumzike.

Sasa sina pa kujificha. Nikikosea, mnyama atateseka mbele ya watoto wote wa hapa. Nikikosea, nitakuwa nimewalisha wanangu haramu kwa mkono wangu. Nikikataa, mbuzi atachinjwa tu, na Rukia atasimama pale pale waliposimama wale wengine. Ameniuliza mara mbili leo kama kesho tunakwenda. Nimemwambia nyamaza ule.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi ningekitaka hicho kicheko, jamani.

Alhamisi, 25 Desemba. Asubuhi

Sikulala. Baba Wakesho amenoa kisu tangu jana, ameniletea. Kikali kweli. Nawasikia wakiimba kanisani. Wakitoka, ndipo.

Ya Rabi, waimbe sana.

Alhamisi, jioni

Nimechinja.

Waliponiuliza mbuzi aelekezwe wapi niliwaonyesha kibla, kaskazini, kulia mwa Kilimanjaro, ingawa mawingu yalikuwa yameufunika mlima wote. Baba Wakesho akamlaza, wanaume wawili wakashika miguu. Kisu nilikificha ndani ya leso, mnyama asikione. Nikapiga goti.

Mkono ukagoma. Neno nalo likagoma. Bismillahi, ninayoisema kila nikishika mwiko, haikutoka. Niliona viatu tu, viatu vya kanisani vilivyopakwa rangi, vimenizunguka pande zote. Nikangoja mtu acheke.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja akavua kofia. Wengine wakafuata. Wakainamisha vichwa, wanawake kwa watoto, kimya kabisa. Walidhani nimenyamaza naomba dua. Hawakujua kwamba ni hofu.

Basi nikaomba. Sikuwa na la kufanya jingine. Nikasema moyoni, Mola wangu, mimi ni mwoga na unajua, na watu hawa wameningoja. Hayo tu. Sikumbuki lini nilimwambia Mungu jambo la kweli kiasi hicho. Kisha sauti ikatoka, kubwa kuliko nilivyotaka. Bismillahi, Allahu Akbar.

"Amina," wakasema. Wote.

Nikakata. Mara moja, sikuinua kisu. Damu ilikuwa na joto kwenye vidole. Akarusha miguu, akatulia. Baba Wakesho akaniambia, "Safi, mama. Safi kabisa."

Nikaenda nyuma ya jiko nikatapika. Mama Wakesho akanifuata, akanishika mgongo, akanicheka, nami nikacheka huku nalia. Rukia na Zuhura wamekula katikati ya wenzao mpaka wakalamba vidole. Mimi nimekunywa mchuzi. Nyama ilinishinda.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimechoka. Mwili wote unauma kama mtu aliyelima.

Alfajiri nimeswali polepole. Nilidhani mtu mwenye imani haogopi. Jana niliogopa mwanzo mpaka mwisho, haikupungua hata chembe, na bado sijawahi kuwa karibu na Mungu namna ile. Na nilidhani wao ndio watoaji, sisi wapokeaji, wageni. Lakini nami nilitoa kitu pale uani. Sijui nikiiteje.

Sijapata mteja hata mmoja. Wote wamelala na shibe zao.

Jumapili, 28 Desemba

Maji yamepungua. Swaleh amefika mchana, matope mpaka magotini. Mama yuko nyumbani, anakula, anagomba. Tumshukuru Mungu.

Amekuja na habari. Pale Voi limepatikana duka, zuri, na nyumba nyuma yake. Tunaweza kuhama mwezi ujao nikitaka. Aliyasema hayo akitabasamu, akingoja nimrukie.

Nimemwambia tungoje kidogo. Jumapili ijayo mjukuu wa Mama Wakesho anabatizwa, na mbuzi ameshatafutwa.

Swaleh akasema hilo si neno. Yeye ameshafika, atachinja yeye, nipumzike.

Nikamwambia hapana. Wameniomba mimi.

Amenitazama sana. Naogopa tangu saa hiyo. Zuhura ana mafua kidogo. Mvua imekatika.