Chuma cha muguu wa kushoto

Salamabila

Mama yangu mupenzi,

Salamu nyingi zikukute wewe na wote wa kiwanja. Niko hai, hilo ndilo neno la kwanza nataka wakusomee, juu najua barua yangu itakutia woga. Macho namna gani? Ile dawa ya matone imekusaidia? Na paa ya jikoni, kaka Amuri ameishaitengeneza? Huku mvua haijui kuchoka.

Ulisikia kwamba nilianguka kwenye njia ya Lusangi, pikipiki ikanilalia. Mufupa uliungana, lakini goti la kushoto lilibaki kama muti, halikunjiki. Kutembea natembea. Kuendesha, kazi inayonilisha, ndiyo kulinishinda. Kwenye pikipiki pahali pa kukanyaga pako nyuma na juu, lazima ukunje goti, na ni muguu uo huo wa kushoto unaobadilisha vitesi, zile gia. Nilijaribu, nikalia mbele ya watu kama mutoto.

Aliyenisaidia ni fundi Mashaka, Mubangubangu wa Kabambare, tuliyekuwa tunapanga naye nyumba moja. Watu walimuita Baba Feza, kwa jina la binti yake. Aliniambia, "Sefu, kaa juu. Nyoosha muguu vile unapenda, usiangalie chuma." Akaweka alama ya makaa pale kisigino changu kilipofika. Akakata kile chuma cha kukanyagia, akakisuda kwa moto, kikashikana tena mbele na chini. Sasa chuma cha vitesi kikabaki nyuma, vidole havikifikii. Akakirefusha kwa kipande cha chuma cha kujengea, tukajaribu: ikaingia vitesi ya kwanza, ikakataa kutoka. Akakata tena, akapindisha, akanifanyia nikanyage kwa kisigino. Nilizunguka soko lote. Wenzangu walicheka, "Angalieni Sefu, anaendesha kama shefu kwenye fotei, kiti chake cha ofisi!" Mimi pia nilicheka, goti haliumi. Mashaka hakucheka. Alisema, "Chuma iko chini sana sasa. Kwenye mawe pita polepole."

Mama, Mashaka amekufa. Walimuita kwenye shimo la dhahabu kutengeneza pompi ya maji. Ukuta wa udongo ulikuwa umelowa, ukashuka juu yake. Wachimbaji walimutoa kwa mikono, roho imeishatoka.

Mukewe alikuwa Kabambare. Njia ilikuwa matope matupu, na watu wenye bunduki walikuwa wanasikika porini. Watu wa pikipiki waliulizwa mumoja mumoja nani atamufikisha marehemu kwake. Huyu akasema breki, huyu akasema mafuta. Mimi nilisema nitaenda. Kalume, mudogo wake Mashaka, akaangalia chini. "Na muguu ule?"

"Muguu huu yeye ndiye aliutengeneza," nikamujibu.

Tulimukalisha katikati yetu, turubai limemufunika kichwa na kifua, Kalume nyuma anamukumbatia. Miguu yake ilikuwa inateleza, tukaifunga kwa mipira ya tairi. Kila shimo, kichwa chake kilinigonga mugongoni. Kwenye mulima, kile chuma changu kikagonga jiwe, kikapinda, muguu ukabaki unaning'inia. Nikashuka kukipiga mpaka kinyooke, Kalume ameshika ndugu yake na pikipiki pamoja, mvua inatupiga. Akasema, "Fanya haraka, Sefu, mikono yangu inakufa." Kisha akamuomba marehemu msamaha kwa lile neno.

Kwenye barieri, muti umefunga njia, askari akatusimamisha. "Huyu wa katikati, mbona hasalimii?"

"Ni marehemu, shefu," Kalume akasema.

Askari akavua kofia, akainua muti yeye mwenyewe.

Mama Feza alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Habari haikuwa imemufikia, simu zilikuwa zimekatika tangu mvua zianze. Alisikia injini, akaona watu watatu, akaona viatu vya bwana yake. Akamuambia mutoto, "Feza, kimbia, baba amefika." Mutoto akakimbia. Nilitaka kumuambia asimame, akawa ameishafika. Akashika goti la baba yake, akaniuliza, "Mbona amelala?"

Ni mama yake aliyejibu, kwa kilio. Tulimuzika kesho yake, nikarudi Salamabila peke yangu.

Neno ulilomupa dereva wa lori limenifika: nirudi Kasongo, nishike shamba la baba. Ningependa. Lakini kupalia ni kuinama na kuchuchumaa, na mimi hata kuswali naswali kwenye kiti. Ni juu ya pikipiki ile tu ndipo nafanya kazi kama mutu muzima. Na hapo pia sijui mpaka lini. Pale tulipogonga jiwe, pahali paliposudwa pameanza kupasuka. Nilipeleka kwa fundi mwingine. Alipiga magoti, akaangalia sana, akasema, "Kazi hii sijapata kuiona. Nikiigusa nitaiharibu." Basi naendesha hivyo hivyo, nakanyaga kwa huruma.

Njia zikikauka nitakuja kukuona. Usimutume mutu kunitafuta, njia si nzuri.

Umusalimie kaka Amuri na shemeji, na shangazi wa Nyangwe anayeuza samaki, umuambie nakumbuka mukono wake kwenye chungu. Salamu kwa watoto wa dada, wasigombanie kitanda changu. Na yule muzee wa musikiti, rafiki ya baba, umuombe amutaje Mashaka kwenye dua. Najua hakuwa Muislamu. Muzee akikataa, usibishane naye. Umuombee wewe, nyumbani, kwa sauti ndogo.

Ni mimi, mutoto wako wa pili,
Sefu