Anayeonja Chai ya Babu

Mke mwenzangu Zuhura,

Marahaba. Hapa Mitwero tu wazima, na goti la babu yako limepata nafuu. Umeniuliza kwa nini chai yake naionja kwanza mimi, ndipo nampa.

Ndoa yetu ilikuwa na miezi miwili aliponipeleka gulioni. Tulinunua mihogo na kuku, kisha tukapita kwa mama mmoja muuza uraka, ile pombe ya mabibo. Mama mwenyewe mzuri, tena anajijua. Akachota kikombe, akanywa funda moja, akampa mume wangu huku anatabasamu. Naye akapokea, akaweka mdomo palepale! Nilikipokonya, nikamwaga chini. Gulio zima likacheka.

"Anaonja kumwonyesha mnunuzi kuwa hamna sumu," babu yako akaniambia. "Ndiyo desturi yetu."

Kwetu Pande pombe haikuingia nyumbani, ningejuaje? Nilimwomba radhi yule mama, lakini moyo haukupoa. Tangu siku hiyo kikombe cha babu yako nakionja mimi, na sumu sijaifikiria hata mara moja.

Ukija likizo, mpikie chai utakavyo. Kuonja niachie mimi.

Bibi yako,
Mwanahawa