Mkaguzi wa bima alivyoiona ajali yangu

Mwenzangu uko wapi, shika simu. Niko gereji nimekaa juu ya tairi, nacheka mpaka mbavu zinauma.

Unalikumbuka lile lori lililonigonga kwa nyuma? Leo wiki ya tisa, na watu wa bima wimbo wao ni uleule: gari lisiguswe mpaka mkaguzi aje alione.

Basi leo kaja. Tai, faili, kalamu mbili mfukoni. Kalizunguka gari mara mbili, kisha ananiuliza, "Dada, mbona sioni palipogongwa?"

Nikachungulia. Bampa limenyooka, taa mpya, rangi inang'aa kama kioo.

Fundi huyo, anatabasamu. "Nilikuonea huruma, dada. Nimelinyoosha jana, iwe zawadi."

Jana. Wiki tisa analitazama tu, huruma ikamshika jana. Nilitaka kulia.

Mkaguzi akafunga faili. "Siwezi kuandika nisichokiona." Akapanda gari lake, akarudi nyuma bila kuangalia.

Puu. Kwenye bampa langu. Palepale, mwenzangu. Palepale pa lori.

Fundi kashika kichwa. Mimi nikamwambia mkaguzi taratibu, "Sasa unapaona?"

Akashuka jasho linamtoka, akanivuta pembeni. Unajua kaniambia nini? Mtu wa bima huyo, na tai yake shingoni?

"Dada yangu, nakuomba, haya tuyamalize wenyewe. Tukiwapelekea bima watakuzungusha mpaka uchoke."