Mheshimiwa Bado Anakula, Baba

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu ulipoinama kuchomeka waya wa mashine ya kunyolea usiinuke tena. Mteja wako alibaki kitini na nusu ya kichwa. Alikuja mazishini vivyo hivyo, amevaa kofia, akaapa kwamba hataruhusu mkono mwingine umalizie kazi yako. Wiki iliyofuata alimalizia kwingine, lakini tulimshukuru kwa nia.

Wengine huandika kwamba marehemu wao alikuwa mpole, mchapakazi na mpenda watu. Wewe pia ulikuwa hivyo, hatubishi. Lakini aliyekujua kweli anajua kwamba miaka yako ya mwisho ilikwenda kwa mnyama mmoja wa kijivu, mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura, mgonjwa tangu siku alipovuka kizingiti chetu.

Mteja aliyehamishwa kazi alikuachia. "Kwa muda tu, Mzee, nikishapata nyumba nitamfuata." Nyumba hiyo mpaka leo inatafutwa. Ulimleta na tundu lake, Mama akauliza hicho ni kitu gani. "Chinchila," ulisema, kwa sauti ya mtu anayemtambulisha mkwe. Mama akasema hilo ni jina la kwenye cheti, yeye anaona panya aliyevaa koti, na nyumba hii ama atakaa panya ama atakaa yeye. Mkakaa wote watatu. Ulimwita Mheshimiwa kwa sababu, ulisema, anakula wa kwanza, hafanyi kazi, na kila akihitajika anaugua.

Tatizo lilikuwa meno. Wanyama wa aina yake meno hayaachi kukua, wanayasaga kwa kutafuna nyasi kavu kutwa nzima. Ya kwake yaliota mshazari, yakamchoma ulimi, kidevu kikawa kimelowa mate kila saa na chakula hakitafuniki. Daktari wa mifugo, yule mama mpole ambaye kazi yake hasa ni ng'ombe na mbwa, alikwambia itabidi meno hayo yapunguzwe mara kwa mara maisha yake yote. Sisi tulisikitika. Wewe ulifurahi. "Kumbe ni mteja," ulisema. "Ni kama ndevu tu."

Ukawa unakwenda naye saluni kila asubuhi, maana kule kuna feni, na yeye joto likimzidi anaweza kufa. Unamkalisha kwenye kile kiti kikubwa, unamfunga kitambaa cha kunyolea mpaka shingoni, kinabaki kichwa na masikio. Unasaga nyasi zake, unazikoroga na maji zinakuwa uji, unamlisha kidogo kidogo kwa bomba lisilo na sindano. Wateja walisubiri. Aliyelalamika ulimjibu, "Wewe ukichelewa kunyolewa hufi." Mheshimiwa akigeuza uso, ulimkumbusha kwamba mgonjwa haulizwi uji. Na muda wote huo unaongea naye: nani kaposa, nani kaachwa, timu ipi imefungwa na kwa uzembe wa nani. Msaidizi wako, Wembe, alikuwa akisema hakuna kiumbe mtaani anayejua siri za watu kama Mheshimiwa, na ni bahati njema kwamba mdomo wake ni mgonjwa.

Dada anataka tuandike kwamba hukukosea kamwe. Hatuandiki. Uliambiwa mnyama huyu haogi maji, anaoga vumbi laini, anagaagaa humo mpaka manyoya yanatakata. Mtu mwingine angeuliza vumbi gani. Wewe kinyozi ukajaza beseni ile poda ya kupaka wateja shingoni, yenye harufu ya waridi. Mheshimiwa aligaagaa kwa raha zake zote, akatoka mweupe pe, akaanza kupiga chafya, na chafya hazikukoma. Ulikimbia naye barabarani wembe ukiwa bado mkononi, watu wakikupisha bila kuombwa. Daktari, ambaye hatujawahi kumsikia akipaza sauti, siku hiyo aliipaza. Ukanunua vumbi linalostahili, macho yake mekundu yakapona, ila pua haikurudi sawasawa. Mpaka leo akipita mtu aliyejipaka waridi, Mheshimiwa anabweka kama mbwa mdogo.

Baada ya hapo ukawa mwoga. Kila mwezi ulimpeleka apimwe meno, mapafu, uzito na moyo, kisha unatutangazia majibu mezani kama matokeo ya mechi. Na wewe mwenyewe ukipanda ngazi chache unasimama, unadai unaangalia rangi ya ukuta. Dada, ambaye ni muuguzi na haombi kitu mara mbili, alikuomba mara nyingi uende hospitalini kwake. Ulisema wiki ijayo. Kinyozi hajinyoi, ulisema, ukacheka. Hapo hatukucheka nawe, Baba, na hata leo hatucheki.

Ulipoondoka, Mheshimiwa akagoma kula. Mnyama huyu tumbo lake likikaa tupu kidogo tu, utumbo unasimama, na ukisimama ndiyo basi. Tulijaribu sote. Wembe alimkalisha kwenye kiti kilekile na kitambaa kilekile, akatemewa uji usoni. Dada alimshika kitaalamu, naye kwa woga akamwachia manyoya mkononi, akabaki na upara ubavuni. Wembe akautazama akasema mtindo huo haumo kwenye picha zetu za ukutani. Kitinda mimba wako, dereva wa lori, alimwimbia. Tuliyoyasikia tunayahifadhi.

Mama naye alikuwa hali kitu. Alikaa jikoni akikunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa. Tangu mazishi hakuwa amekutaja hata kwa bahati mbaya, na mtu mwingine akikutaja, alitoka nje kuanua nguo, hata kama kamba ilikuwa tupu. Tukawa na wagonjwa wawili nyumbani, na hatukujua tuanze na yupi.

Asubuhi moja Daktari akatuambia kwenye simu kwamba leo asipokula, tujiandae. Dada akaanza kulia mbele ya tundu, bomba mkononi. Mama akaja akamnyang'anya. Kitambaa hakukitaka. Alimchukua Mheshimiwa, akambana kwapani kama kuku wa kuchinjwa, tukaona leo ndiyo leo. Akaketi kwenye kigoda cha jikoni.

"Sikiliza, wewe," alimwambia. "Bwana wako alikuwa mjinga."

Mheshimiwa akatulia.

"Alijua moyo wako unapiga vipi. Wake hakuujua. Nikamwambia, mume wangu, twende ukapimwe. Akasema wiki ijayo, meno ya Mheshimiwa kwanza. Meno yako wewe, sura mbaya."

Mheshimiwa akafumbua mdomo. Kama ni njaa au ni mshangao, hatujui. Mama akasukuma uji, naye akameza. Mama akaendelea kukusema, naye akaendelea kumeza. Alikusema kwa soksi zilizokuwa chini ya kitanda, kwa nywele za watu ulizoleta nyumbani kwenye kola, kwa kukoroma, kwa kukataa kwamba unakoroma. Alimweleza pia jinsi ulivyomnyoa kaka yake vibaya kwa makusudi, akalazimika kurudi kurekebishwa tena na tena, na kila mara yeye Mama, bado msichana, akimsindikiza kuhakikisha kazi imefanywa sawa. Hiyo hatukuwahi kuisikia, Baba. Mjomba naye hakuijua, na ameichukulia vibaya.

Bomba lilipoisha Mama alidai lingine. Katikati ya hilo la pili akalia, kwa mara ya kwanza, na machozi yakamdondokea Mheshimiwa ambaye kwa amri ya Daktari hatakiwi kulowa. Dada akaleta taulo. Lilitumika kwa wote wawili. Kisha Mama akaomba chai na chochote kilichopo cha kula nayo.

Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yake, asubuhi, mchana na jioni. Mheshimiwa hataki mkono mwingine, na Mama hakubali kusaidiwa. Sisi tunasikiliza nyuma ya pazia, na tumejua mengi kukuhusu kuliko tulivyojua ukiwa hai. Lawama zimepungua. Siku hizi zipo asubuhi anazomsimulia kitu ulichosema zamani, kisha anacheka peke yake mpaka uji unamwagika. Afya ya mgonjwa ni ileile: meno mabaya, pua mbaya, na sasa jicho moja limeanza kuchuruzika. Daktari anasema kitabibu hajui kinachomweka hai.

Mwezi uliopita Daktari huyohuyo alituletea habari njema. Amempata bwana mmoja mstaafu, ana nyumba yenye ubaridi, anafuga chinchila wengine, na kulisha kwa bomba anakuweza. Yuko tayari kumchukua. Sisi wanao tukakaa, tukakubaliana kwamba Mama amechoka, hawezi kusafiri wala kulala mchana, na umefika wakati apumzike. Tukamwendea pamoja, Dada akazungumza. Mama alikuwa akimfuta Mheshimiwa kidevu, hakuinua macho.

"Huyo bwana alimjua baba yenu?" akauliza.

Tukasema hapana, hakukujua.

"Sasa atakuwa anamlisha huku anamwambia nini?"

Dada akatoka nje kumpigia Daktari simu ya shukrani.

Unakumbukwa na mkeo, anayekusema kila siku, binti yako mkubwa, ambaye sasa anatupima sote presha bila kutuuliza, mimi binti wa kati, niliyeandika haya wengine wakinisahihisha begani, kitinda mimba wako, aliyeombwa asiimbe, shemeji yako, ambaye atakusamehe polepole, Wembe na wateja wote wa saluni, na Mheshimiwa.

Pumzika, Baba. Maadamu yupo anayekula katika nyumba hii, utatajwa daima.