Tata Aliomba Rubisi

Izimbya, Bukoba,
Tanganyika.
14 Agosti 1949

Mpendwa kaka yangu Josia,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo huko Tanga? Shemeji Verdiana na watoto hawajambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa masika kimepona? Mimi mwili ni mzima, na huko kwangu Muleba mume wangu na watoto wanaendelea vizuri. Moyo ndio mgonjwa.

Simu ya maandishi ya kifo cha Tata najua uliipata. Lakini simu ni maneno machache tu, kaka, na wewe ni mtoto wake. Lazima ujue alivyokwenda.

Unakumbuka kaka yetu Rugaibula alipookoka aliifyeka migomba yote ya embile ya pombe, hata ile aliyoacha babu, akisema pombe haitatoka tena katika kibanja hiki. Tata hakugomba. Ila tangu siku ile hawakunywa tena kibuyu kimoja, na kwetu unajua maana yake. Baba na mwana wasiopokezana mrija wana neno kati yao.

Nilipokuja kumuuguza, macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa, haoni mtu. Asubuhi ya siku yake ya mwisho alisema anataka rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, funda moja tu, na Rugaibula ndiye ampe kwa mkono wake mwenyewe. Mwingine hakumtaka.

Basi ndugu yako huyo! Siku hizi hanunui hata jembe bila kumwuliza Mungu. Akasema jambo hili si la kuamua peke yake, akaenda kuwakusanya wenzake Walokole waombe mpaka wote wapate amani. Nikawasikia kule nyuma ya mibuni, wanaimba, wanatubu, wanaimba tena. Nami niliomba, huku namfuta Tata jasho: Bwana, waharakishe watu hawa! Jua likapinduka. Tata akauliza, "Amekuja?" Nikasema bado. Akauliza tena.

Nikachoka. Nikakimbia kwa mzee Datius, yule jirani Mkatoliki aliyekuwa akinywa na Tata miaka yote, akanipa kibuyu chake bila kuniuliza neno. Nikamwekea Tata mrija mdomoni. Akavuta kidogo, akanishika mkono, akasema, "Rugaibula mwanangu, umenipa. Sina neno nawe."

Sikumsahihisha, kaka. Akafa akiwa bado ameushika mkono wangu.

Haukupita muda Rugaibula akasimama mlangoni, uso unang'aa: "Kokuhirwa, tumeruhusiwa!" Ee Josia! Misiba nimeiona mingi, lakini sijapata kuona mwanamume akianguka vile juu ya nyasi za sakafuni.

Tulimzika kibanjani, karibu na mama. Tangu hapo Rugaibula anakula kwa kulazimishwa, na kuomba ameacha, hata kabla ya chakula. Mimi nami kila siku nikawa namwuliza Mungu: nimwambie au ninyamaze? Baraka ile ni yake, au niliiiba? Ningoje mpaka lini? Halafu nikajishtukia. Kumbe nami nilikuwa nafanya yale yale ya Rugaibula, naomba na kuomba huku mtu ananiishia mbele ya macho.

Jana nikamweleza yote. Nilidhani atanikemea. Aliuliza tu, "Alisema mwanangu?" Nikasema ndiyo, alisema hivyo. Akalia tena, lakini si kile kilio cha kwanza. Leo asubuhi akaniomba kibuyu, akirudishe mwenyewe kwa mzee Datius.

Unisalimie shemeji Verdiana, na umbusu Klaudia mdogo, mwambie shangazi yake anamkumbuka. Majirani wote wa hapa wanakupa pole. Usijilaumu kwa kutowahi. Tulikuwa hapa hapa, na bado tulichelewa.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, Rugaibula akarudi. Begani amebeba mche wa embile, kapewa na mzee Datius. Akaniuliza aupande wapi. Nikamwonyesha pale kaburini, upande wa kichwa cha Tata. Akapiga magoti, akaomba, dua fupi kabisa, kisha akashika jembe.

Mungu aliyemfariji yeye akufariji nawe huko uliko.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Kokuhirwa